Jalada la Mgonjwa: Wajibu wa Kituo cha Afya, Haki ya Mwananchi

Licha ya kuenea kwa mifumo ya kielektroniki katika vituo vya kutolea huduma za afya nchini, karatasi bado ina nafasi kubwa katika huduma anayopewa mgonjwa. Jalada la aliyelazwa, kadi ya kliniki ya mama mjamzito, fomu ya maabara na rejesta za Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kama MTUHA, vyote hubeba jina la mtu, umri wake, makazi yake na jambo ambalo pengine hajamweleza hata ndugu yake wa karibu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, haikuziacha karatasi hizo nje. Sheria hiyo inazitambua taarifa binafsi kuwa ni zile zinazomhusu mtu anayetambulika, zilizorekodiwa kwa namna yoyote ile, na taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa binafsi nyeti. Kwa msingi huo, jalada lililoachwa wazi kwenye dirisha la mapokezi ni suala la kisheria sawa na kompyuta iliyoachwa bila nywila.

Hasara ya jalada kupotea

Thamani ya jalada huonekana zaidi siku linapotafutwa na kukosekana. Mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji anapofikishwa wodini akiwa na uchungu, mkunga anahitaji kujua upasuaji huo ulifanyika lini na kwa sababu gani. Mgonjwa mwenye mzio wa dawa za jamii ya penisilini anaweza kufika akiwa hana fahamu, na anayemsindikiza asijue lolote kuhusu mzio huo. Mgonjwa wa kifua kikuu kisicho sugu hutumia dawa kwa miezi 6, na rekodi yake ndiyo inayoonesha amefikia hatua gani. Katika hali zote hizo, mtoa huduma asiye na jalada hulazimika kuanza upya kwa kukisia, kurudia vipimo na kuongeza gharama.

Jalada hutumika pia nje ya wodi. Kwa mtu aliyejeruhiwa, fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, hujazwa na daktari kutokana na alichokiona alipomchunguza, na shauri linaweza kufika mahakamani miezi mingi baadaye. Madai ya bima ya afya nayo hutegemea uthibitisho kwamba huduma ilitolewa. Maandishi yasiyosomeka, yasiyo na tarehe au yasiyo na saini humwacha mgonjwa bila ushahidi wa haki yake.

Mgonjwa mmoja, namba moja

Msingi wa utunzaji bora wa majalada ni kumpa kila mgonjwa namba moja ya kudumu na jalada moja. Mgonjwa anapopewa namba mpya kila anapofika, historia yake hugawanyika katika majalada mawili au matatu yasiyojuana. Kwa sababu hiyo, mapokezi hupaswa kuwa na fahirisi ya majina inayoonesha namba ya kila mgonjwa, ili aliyesahau kadi yake nyumbani atafutwe kwanza kabla ya kuandikishwa upya. Majina yanayofanana ni mengi, hivyo utambuzi hufanywa kwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na makazi kwa pamoja.

Katika hospitali zenye majalada mengi, hutumika utaratibu wa kupanga kwa tarakimu za mwisho. Kwa mfano, jalada namba 04-27-63 hutafutwa kwa kuanzia sehemu ya 63 ya rafu, kisha 27, kisha 04. Utaratibu huo hugawa majalada mapya katika sehemu 100 za chumba, badala ya yote kurundikana upande mmoja, na hupunguza makosa kwa kuwa mtunza kumbukumbu husoma tarakimu mbili kwa wakati mmoja.

Jalada linapotolewa rafuni, nafasi yake huwekwa kadi ya ufuatiliaji inayoonesha limekwenda kwa nani, lini na kwa sababu gani. Hatua hiyo ndogo ndiyo inayozuia majalada mengi kupotea, kwa kuwa mengi hukwama katika meza ya daktari, wodini au katika ofisi ya uhasibu. Majalada yaliyotoka asubuhi huhesabiwa jioni, na ambalo halijarudi hufuatiliwa siku hiyohiyo.

Kazi hii inahitaji ujuzi. Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, na wahitimu wake hutumika katika masijala za umma. Kituo kinachomkabidhi chumba cha majalada yeyote aliye karibu hujitafutia usumbufu.

Chumba salama

Adui wa karatasi ni maji, moto, mwanga mkali wa jua, mchwa, panya na mende. Chumba cha kumbukumbu hakipaswi kuwa chini ya mabomba ya maji wala katika eneo linalotuama maji wakati wa masika. Rafu za chuma zinafaa kuliko za mbao, na rafu ya chini kabisa huinuliwa kutoka sakafuni. Dirisha liwe na nondo, mlango uwe na kufuli, na kizima moto kiwe mahali panapofikika. Kula chakula ndani ya chumba hicho huwakaribisha panya na mende, hivyo hakuruhusiwi.

Ufunguo ni sehemu ya ulinzi. Panapokuwa na huduma ya usiku, awepo mtumishi anayetambulika kwa jina mwenye dhamana ya ufunguo, na kila anayeingia aandikwe. Chumba kinachogeuzwa stoo ya vitanda vibovu au njia ya kupita kwenda ofisi nyingine hakiwezi kutunza siri ya mtu.

Mipaka ya kusoma

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalinda haki ya faragha. Sheria ya UKIMWI (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008 nayo inataka matokeo ya kipimo cha Virusi vya UKIMWI yawe siri ya aliyepimwa, isipokuwa katika mazingira yaliyotajwa na sheria. Kwa mtumishi wa afya, maana yake ni kwamba sare ya kazi pekee haimpi ruhusa ya kufungua jalada lolote. Anayestahili kulisoma ni yule anayemhudumia mgonjwa husika, au aliyeruhusiwa kwa utaratibu wa kisheria, kama vile amri ya mahakama.

Mambo mengi yanayovunja siri hufanyika bila nia mbaya. Kuandika jina la ugonjwa juu ya jalada, kumwita mgonjwa kwa sauti kwa kutaja kliniki anayokwenda, kumpa jirani yake jalada alipeleke maabara, au kupiga picha ya rejesta kwa simu binafsi ili kuwahi kutuma taarifa, yote humweka mgonjwa hadharani. Katika kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na Virusi vya UKIMWI, mteja hubaki na kadi ya CTC1, na kadi ya CTC2 yenye maelezo ya kina hubaki kituoni. Iwapo siri hiyo itavuja, mteja anaweza kuacha dawa kwa kuogopa kuonekana, na hasara hiyo itaifikia jamii nzima.

Karatasi zilizomaliza muda

Majalada hayatunzwi milele, lakini hayatupwi ovyo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, kumbukumbu za umma haziteketezwi bila idhini ya mamlaka husika. Kituo hupaswa kuorodhesha majalada yaliyofikia ukomo, kuomba idhini, kisha kuyateketeza kwa kuchoma au kuchanachana mbele ya mashahidi, na kutunza orodha ya yaliyoteketezwa.

Karatasi ya hospitali haipaswi kuonekana ikifungia karanga au maandazi mtaani. Mwananchi akikutana na karatasi ya namna hiyo, hatua sahihi ni kuirejesha kwenye kituo au kutoa taarifa kwa uongozi. Kuipiga picha na kuisambaza mtandaoni humwumiza mgonjwa kwa mara ya pili.

Nafasi ya mwananchi

Ulinzi wa jalada huanza na mwenye jalada. Mgonjwa anashauriwa kutumia jina lilelile kila anapokwenda kituoni, kutunza kadi yenye namba yake, kueleza mzio na dawa anazotumia, na kutorejea nyumbani na jalada linalopaswa kubaki kituoni. Kadi ya kliniki ya mjamzito na ya mtoto zitunzwe mahali pakavu na kubebwa kila safari, hususan familia inapohama.

Mwananchi anayo haki ya kuomba kuona taarifa zinazomhusu na kuomba zirekebishwe zinapokuwa na makosa. Anapoona siri yake imevunjwa, anaweza kuanza kwa mganga mfawidhi wa kituo, akieleza tarehe na tukio lilivyokuwa. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili, 2024.

Mifumo ya kielektroniki kama GoT-HoMIS inaendelea kupunguza mzigo wa karatasi katika vituo vya umma. Hata hivyo, umeme unapokatika, mtoa huduma hurudi kwenye kalamu, na majalada ya miaka iliyopita yangali rafuni na wenyewe wangali hai. Kila kituo kina wajibu wa kuyalinda kwa kufuli, kwa mpangilio na kwa ulimi unaotunza siri, ili mgonjwa aeleze maradhi yake bila hofu na akute historia yake siku atakayorudi.