Je, Wajua? Maradhi ya Ubongo Hayana Jini

Mtu akianguka ghafla, akipinda mdomo au akianza kuwasahau wanawe, mtuhumiwa wa kwanza mtaani huwa jirani, jini au upepo mbaya. Hapa chini tumewapanga watuhumiwa halisi. Wengi wao wanazuilika kwa vitu vilivyomo nyumbani, na waliokwisha kudhurika wanasaidika.

1. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Ndiyo maana damu ikikatika kwa dakika chache, ubongo ndio huumia kwanza.

2. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ubongo una seli za neva bilioni 100. Mwaka 2009 mwanasayansi wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake waliyeyusha bongo za watu waliofariki zikawa majimaji, wakahesabu viini vya seli. Walipata wastani wa bilioni 86.

3. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kichwa kinapouma, kinachouma ni utando unaoufunika ubongo, mishipa ya damu, au misuli ya kichwa na shingo. Kwa hiyo madaktari huweza kuupasua mgonjwa akiwa macho, wakimzungumzisha ili kisu kisiguse sehemu inayotawala usemi.

4. Maandishi ya Kigiriki ya takriban miaka 2,400 iliyopita, yanayohusishwa na Hipokrate, yalikwisha kubisha kwamba kifafa kinatoka kwa miungu. Mwandishi wake alisema chanzo ni ubongo.

5. Takriban watu milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu 80 kati ya kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika la Afya Duniani linasema hadi 70 kati ya kila 100 wangeishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Fenobabitali, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1912, ingali kazini, na tiba ya mwaka mzima inaweza kugharimu kiasi cha dola 5 za Marekani. Tahadhari yake ni moja: usiikatishe ghafla kwa sababu umejiona mzima. Kifafa huweza kurudi kikali kuliko mwanzo.

6. Mahenge, mkoani Morogoro, ina nafasi yake katika historia ya tiba. Miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko, aliandika habari za watoto walioinamisha vichwa tena na tena kama wanaoitikia jambo. Miongo kadhaa baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulionekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader zikiwamo.

7. Kinachoziunganisha sehemu hizo ni mito iendayo kasi na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi. Palipo na usubi mwingi, kifafa nacho huwa kingi. Kaskazini mwa Uganda, baada ya ivermectin, dawa ya usubi, kugawiwa mara mbili kwa mwaka na mito kupuliziwa dawa kuanzia 2012, watoto wapya wenye ugonjwa wa kuinamisha kichwa walikoma kuonekana. Wagawa dawa wa kijiji wakibisha hodi, meza: unakinga macho, ngozi na kichwa.

8. Mtu ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kupata tegu wa nguruwe ubongoni. Nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mlaji tegu wa tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha binadamu, na anayeyameza kwa maji machafu, kachumbari isiyooshwa au mikono ya mpishi ndiye anayeota vifuko kichwani. Katika maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu kesi 30 kati ya kila 100 za kifafa humhusu yeye. Kinga ni choo, sabuni, na nguruwe wa kufungiwa bandani.

9. Degedege la mtoto mwenye homa huweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Utafiti wa miaka mingi huko Kilifi, pwani ya Kenya, umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona hubaki na kifafa au ugumu wa kujifunza. Kila saa inayopotea kwa mganga wa kienyeji inaongeza hatari. Na mwalimu akimwona mtoto wa namna hiyo amezubaa darasani, aulize historia yake kabla ya kushika fimbo.

10. Muhogo mchungu ulioandaliwa haraka huweza kupoozesha miguu milele. Ugonjwa huo, konzo, ulielezwa mwaka 1938 na daktari Giovanni Trolli huko Kwango, nchini Kongo, na mwaka 1985 ulizuka Tarime, Tanzania, wakati wa ukame. Njaa hufupisha siku za kuloweka na kuanika, sumu ya sianidi hubaki kwenye unga, na mlo usio na protini huunyima mwili uwezo wa kuiondoa. Huwashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Miguu hukakamaa ghafla, lakini mgonjwa bado anaweza kusoma na kufanya kazi.

11. Njia rahisi ya kupunguza sumu hiyo ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia, na imetumika vijijini Kongo. Changanya unga na maji, utandaze mwembamba, uache juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5. Sumu huondoka na hewa; kisha unasonga ugali siku hiyohiyo.

12. Ukosefu wa madini joto kwa mama mjamzito hudumaza ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa, hata kama shingo ya mama haina rovu. Kinga yake ni chumvi yenye madini joto. Itunze kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, na uitie chunguni chakula kikikaribia kuiva.

13. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza za mimba, wakati ambao wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, vinafaa kuanzwa kabla ya kubeba mimba. Hupunguza sana hatari ya mgongo wazi.

14. Upasuaji mmoja wa watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji uliendelezwa Mbale, Uganda, ukasambaa hadi Marekani. Daktari Benjamin Warf, katika hospitali ya watoto ya CURE, alitumia kamera nyembamba kuyafungulia maji njia ndani ya ubongo na kupunguza utengenezwaji wake, ili mtoto asitegemee mpira wa kudumu ambao huweza kuziba akiwa mbali na hospitali. Aligundua pia kwamba wengi wa watoto hao hawakuzaliwa hivyo, bali waliambukizwa vijidudu baada ya kuzaliwa.

15. Helmeti ya pikipiki hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42. Hiyo ni ile iliyofungwa kamba kidevuni, si iliyoning'inizwa kwenye usukani. Abiria wa bodaboda naye ana kichwa.

16. Kiharusi kinapoziba mshipa mkubwa, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakimtoka mtu ovyoovyo, mkimbize hospitali kubwa yenye CT scan. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo kumbuka saa zilipoanza. Usimpe chai wala uji, anaweza kupaliwa.

17. Mchochezi mkubwa wa kiharusi ni presha ya kupanda, ambayo mara nyingi haina dalili yoyote. Kuipima ni kazi ya dakika chache. Aliyepewa dawa huzimeza hata siku anayojisikia vizuri.

18. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, kwenye jamii ya watu zaidi ya 160,000, wakitafuta ugonjwa wa Parkinson. Wengi wa waliokutwa nao hawakuwa wamewahi kuambiwa kinachowatetemesha na kuwapunguzia mwendo.

19. Mbegu za upupu, mmea uleule unaowasha, zina levodopa, kemikali iliyo ndani ya dawa kuu ya Parkinson. Usizichemshe mwenyewe: kiasi chake hutofautiana, na kikizidi huleta madhara. Muulize daktari dawa yenye kipimo.

20. Mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani waliishi na dimenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Bibi anayezurura usiku na kuongea na wasioonekana anahitaji uchunguzi wa daktari. Katika baadhi ya sehemu zetu, bibi kama huyo amewahi kuitwa mchawi na kushambuliwa. Jopo la jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia ingezuilika au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwamo presha, kisukari, uziwi usiotibiwa, elimu kidogo na upweke.

21. Saa 70 kati ya kila 100 za kuwahudumia wenye dimenshia hubebwa na wanawake. Unapokwenda kumjulia hali mgonjwa, usiishie kwenye pole. Mwambie anayemuuguza aende akalale au sokoni, nawe ushike zamu.

22. Mate hayaambukizi kifafa, na hakuna awezaye kumeza ulimi wake. Mtu akianguka, sogeza mbali moto na vitu vyenye ncha, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu na uangalie saa. Usimkandamize, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Zikipita dakika 5 hajatulia, au akishikwa tena kabla hajazinduka, mpeleke hospitali. Wapo walioungua vibaya jikoni kwa sababu tu waliosimama karibu waliogopa povu.

23. Siku ya Ubongo Duniani ni tarehe 22 Julai, na ya Kifafa ni Jumatatu ya pili ya Februari. Hakuna haja ya kuzingoja. Wiki hii pima presha, kagua chumvi ya nyumbani, na ukumbushe bodaboda wako kufunga kamba ya helmeti.