Mkono wa Fundi Visu Usioshwe kwa Petroli

Katika familia zetu wamo mafundi wa kutengeneza visu, na wengi wao hushikiza mpini kwa gundi ya epoksi, ile ya vichupa viwili, kimoja gundi na kingine kigumishi. Gundi yenyewe ni imara sana. Taabu huanza inapotoka pembeni mwa mpini na kumchafua fundi mikono. Hapo huchovya kitambaa katika petroli au tina akajisugua hadi viwiko.

Petroli na tina huondoa mafuta ya asili ya ngozi, tena huisambaza gundi mbichi na kuisaidia kupenya. Siku hiyo huenda asione kitu. Lakini epoksi mbichi huweza kuifanya ngozi iikatae. Baada ya wiki, miezi au hata miaka, mikono huwasha, huvimba, hutoa malengelenge na kupasuka. Wengine husema wamerogwa! Ngozi ikishaikataa gundi hiyo, kwa kawaida huikataa maisha yote, hata tone dogo. Marhamu hutuliza tu. Fundi wa namna hiyo hana budi kuiacha epoksi na kurudia ribiti tupu.

Basi kisu kiwe na dawa yake na mkono uwe na yake. Kisu kifute gundi ingali mbichi, kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye spiriti au siki nyeupe kidogo. Asetoni, ambayo akina dada huondolea rangi ya kucha, husafisha upesi zaidi, ila huharibu baadhi ya mipini ya plastiki. Mvuke wake, kama wa petroli, ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni hadi kwenye tanuri, au jiko la mama, na kulipuka. Kazi hiyo ifanyike nje. Gundi iliyokwisha kukauka, ikwangue.

Mkono upanguse kwa karatasi, upake mafuta ya kupikia, upanguse tena, kisha uoshe kwa sabuni na maji mengi. Iliyokauka juu ya ngozi iache, itabanduka yenyewe. Glavu nyembamba kama zetu za hospitali hazizuii asetoni kwa muda mrefu, zikilowa, zivue.

Nanyi akina mama, msiruhusu petroli wala tina iwekwe katika chupa ya soda. Mtoto akinywa, asitapishwe, kwa maana ikiingia mapafuni huleta nimonia. Mleteni hospitali upesi, na chupa yenyewe mje nayo.