Siku Sita za Kumsubiri Kawhi Leonard

Katika NBA, ambayo ndiyo ligi kuu ya mpira wa kikapu huko Marekani, kila mwaka ifikapo mwisho wa mwezi wa Juni hufunguliwa mlango ambao sisi askari hatuujui. Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha huwa mtu huru, naye aweza kwenda kuitumikia timu yo yote impendayo. Hapewi barua ya uhamisho, wala haamriwi awe juu ya lori kesho saa kumi na moja alfajiri pamoja na sanduku lake. Wakubwa wa timu ndio wanaofunga safari kwenda kumbembeleza. Hata wachezaji wa timu za majeshi katika kanda yetu, kama vile Ulinzi Warriors ya Kenya na APR ya Rwanda, wakiyasikia mambo hayo bila shaka hucheka kidogo.

Siku hizo ndizo siku za uvumi. Magazeti, redio na televisheni hushindana kubashiri ni wapi nyota fulani atatia sahihi, na mara nyingi kila mmoja humnukuu mwenzake mpaka jambo lisilo na mwenyewe likaonekana kuwa kweli. Nimechagua kuwaeleza wasomaji habari za mwaka 2019, zilizomhusu Kawhi Leonard, kwa sababu sijaona mfano mwingine ambamo watu wengi walitazama kwa makini namna ile na wakakosa kukiona kilichokuwa kikitendeka.

Leonard alizaliwa mwaka 1991 katika jiji la Los Angeles. Ni mtu wa maneno machache mno. Waandishi wa habari humwuliza maswali kumi wakapata majibu ya kujaza kisanduku cha kiberiti. Mwaka 2014 alitwaa ubingwa akiwa na San Antonio Spurs, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Baadaye yeye na timu yake wakahitilafiana juu ya jeraha lake la paja, na mwezi wa Julai 2018 akapelekwa Toronto, nchini Kanada, kwa njia ya kubadilishana wachezaji.

Aliyefanya mabadilishano hayo ni Masai Ujiri, aliyekuwa mkuu wa timu ya Toronto Raptors wakati huo, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake ni Mkenya. Ili kumpata Leonard, Ujiri alimtoa DeMar DeRozan, mchezaji aliyependwa sana na wenyeji wa Toronto na ambaye mwenyewe aliupenda mji huo. Watu walimlaumu. Zaidi ya hayo, mkataba wa Leonard ulikuwa umebakiza msimu mmoja tu kabla ya yeye kuwa na haki ya kuondoka. Kwa maneno mengine, Ujiri alitoa mali ya kudumu akachukua mali ya kuazima.

Lakini mali ya kuazima ilifanya kazi. Tarehe 12 Mei 2019, katika mchezo wa saba dhidi ya Philadelphia, timu zikiwa sawa kwa pointi 90 kwa 90, Leonard alirusha mpira kutoka pembeni wakati saa ya mchezo inakwisha. Mpira uligonga chuma mara nne, uwanja mzima umenyamaza, kisha ukatumbukia. Mwezi uliofuata, tarehe 13 Juni, Raptors waliwashinda Golden State Warriors kwa michezo 4 kwa 2 wakawa mabingwa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa ubingwa wa NBA kutoka nje ya mipaka ya Marekani. Katika kikosi hicho walikuwamo pia Pascal Siakam wa Kameruni na Serge Ibaka aliyezaliwa Brazzaville. Leonard akawa tena mchezaji bora wa fainali.

Siku 17 baada ya ushindi huo mlango ulifunguliwa. Leonard alikuwa na haki ya kubaki mwaka mmoja zaidi kwa mshahara wa dola milioni 21 na ushei, akaikataa, akawa mtu huru. Yafaa hapa nieleze kanuni kidogo, maana bila hizo uvumi wenyewe haueleweki. Kila timu ya NBA imewekewa kikomo cha jumla ya mishahara, na kwa msimu ule kilikuwa kiasi cha dola milioni 109. Timu anayotoka mchezaji hupewa upendeleo: Toronto waliweza kumwahidi miaka 5 na kiasi cha dola milioni 190, hali timu nyingine haikuweza kuvuka miaka 4 na kiasi cha dola milioni 141. Watu wengi walizitazama hesabu hizo wakasema hakuna mwenye akili timamu atakayeziacha dola milioni 49 mezani.

Timu zilizotajwa zilikuwa tatu. Ya kwanza ni Toronto, wenye fedha nyingi na ubingwa mkononi. Ya pili ni Los Angeles Lakers, ambao walikuwa na LeBron James na walikwisha kukubaliana kumpata Anthony Davis. Hao waliacha nafasi wazi katika hesabu yao ya mishahara, wakawa wanamsubiri Leonard wakati wachezaji wengine wazuri wanachukuliwa na wenzao. Ya tatu ni Los Angeles Clippers, jirani maskini wa Lakers kwa historia, ambao tangu kuundwa kwao walikuwa hawajapata kufika fainali hata mara moja. Hata hivyo maofisa wa Clippers walionekana mara kwa mara viwanjani katika msimu ule wakimtazama Leonard, na kocha wao Doc Rivers alipomsifu hadharani kwa kumfananisha na Michael Jordan, ligi iliitoza timu hiyo faini ya dola 50,000, kwani ni mwiko kumtongoza mchezaji ambaye bado yumo katika mkataba wa timu nyingine.

Basi Toronto ikashikwa na homa. Wenye mikahawa walitangaza kuwa Leonard atakula bure maisha yake yote akibaki. Ikasemwa kwamba ameonekana dukani ananunua maboksi ya kufungia vitu, na wengine wakapeleleza ni duka gani na maboksi mangapi. Tarehe 3 Julai ndege ya wenye timu ilitua Toronto ikitoka upande wa Los Angeles. Watu walikuwa wameifuatilia njia yake angani tangu iliporuka. Magari meusi yakatoka uwanjani, na helikopta ya kituo cha televisheni ikayafuata barabarani, ikionyesha picha moja kwa moja mpaka mlangoni mwa hoteli, ambako umati ulikuwa umekwisha kukusanyika. Ungefikiri ni mfalme anayerudi kutoka uhamishoni. Mtangazaji mmoja aliyekuwa mchezaji zamani alitamka kwamba ana hakika kwa asilimia 99 kuwa Leonard atabaki.

Askari aliyewahi kukaa kituo cha uangalizi atalitambua kosa lililokuwamo. Ndege ilikuwa ya kweli, magari yalikuwa ya kweli, na mazungumzo yaliyotarajiwa yalikuwa ya kweli. Watazamaji waliyaona magari vizuri kabisa, ila hawakujua nia ya mtu aliyekuwamo. Walichukua mwendo wakauita uamuzi.

Wakati macho yote yalipokuwa Toronto, kazi yenyewe ilikuwa inafanyika penginepo. Leonard aliwaambia Clippers kwamba atakuja kwao kwa sharti kwamba wamletee nyota mwingine, na jina lililokubaliwa ni Paul George, mzaliwa wa California ya kusini kama yeye. George alikuwa mchezaji wa Oklahoma City, tena alitia sahihi mkataba mpya wa miaka 4 mwaka mmoja tu kabla. George akaiomba timu yake imwachilie. Mazungumzo baina ya timu hizo mbili yakaendeshwa kwa siri, wala siri haikuvuja. Katika nchi ambayo mchezaji akinunua boksi huwa habari, jambo hilo mimi naliona kubwa kuliko lile bao la Philadelphia.

Habari zilipasuka usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai, kama saa nane za usiku kwa saa za Toronto, ambazo kwetu ni saa tatu asubuhi. Saa chache kabla yake California ya kusini ilitikiswa na tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.1, na wenye mzaha wakasema ardhi iliwahi kujua. Leonard alikwenda Clippers kwa mkataba wa miaka 3 na dola milioni 103, akiwa na haki ya kuondoka baada ya miaka 2. Lakers, waliobaki na nafasi yao wazi, walimchukua Danny Green, mwenzake Leonard katika kikosi cha Toronto, na mwaka 2020 wakatwaa ubingwa bila ya yule waliyemsubiri. Mwezi wa Septemba 2019 ligi iliongeza ukali wa kanuni zake juu ya mazungumzo ya siri na wachezaji wa wengine, faini ikaweza kufika dola milioni 10.

Toronto walimpokea kwa heshima. Tarehe 11 Desemba 2019 alirudi huko na jezi ya Clippers, uwanja ukasimama kumpigia makofi, na Kyle Lowry akamkabidhi pete yake ya ubingwa. Kisha Clippers wakawafunga wenyeji 112 kwa 92.

Waliolipa bei hasa ni Clippers. Kwa kumpata George waliwapa Oklahoma City wachezaji wawili, haki 5 za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza, na haki 2 nyingine za kubadilishana nafasi. Mmoja wa wachezaji hao wawili alikuwa kijana wa miaka 20, Shai Gilgeous-Alexander, mzaliwa wa Toronto yenyewe. Clippers walifika nusu fainali mwaka 2021, Leonard akaumia goti kabla ya hapo, wakatolewa; George naye aliondoka mwaka 2024 akiwa mtu huru. Mwezi wa Juni 2025 Oklahoma City walitwaa ubingwa, Gilgeous-Alexander akiwa mchezaji bora wa ligi na wa fainali, na kando yake Jalen Williams, aliyechaguliwa mwaka 2022 kwa mojawapo ya zile haki 5. Waliyemfunga katika fainali ni timu ya Indiana, na ndani yake yumo Pascal Siakam. Haki ya mwisho kati ya zile 5 ilikuwa ya mwaka 2026, miaka 7 baada ya helikopta ya Toronto.