Hatari ya Glaida Ikokotwapo

Glaida ni chombo cha kuruka kisicho na mtambo. Mabawa yake ni marefu na membamba, nayo ikiisha kufika juu huweza kuelea muda mrefu, ikichukuliwa na hewa ya joto ipandayo kutoka ardhini. Lakini haiwezi kupaa kwa nguvu zake yenyewe. Sharti ivutwe kwa kamba, na hapo ndipo penye hatari.

Katika mwaka 1899 alikuwako Uingereza fundi mmojawapo wa vyombo hivi, jina lake Percy Pilcher. Alikuwa na glaida ya mianzi na kitambaa, aliyoiita Hawk, yaani Mwewe. Tarehe 30 Septemba wageni walikusanyika Stanford Hall ili waone chombo chake kipya chenye mtambo. Kumbe mtambo ulikuwa umeharibika, na mvua ilikuwa imenyesha. Pilcher hakupenda wageni warudi bure; basi akapanda ile Hawk, ikavutwa kwa farasi, kama mtoto arushavyo tiara. Ikapaa vema, mara ufito wa mkia ukavunjika, ikaanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Baada ya siku mbili Pilcher alikufa.

Siku hizi glaida nyingi hukokotwa na ndege yenye mtambo, kwa kamba ya mita 60 hivi, kama tishali lifungaswavyo na stima. Hatari zake kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni mwanzoni. Glaida nyingi husimama juu ya gurudumu moja, basi msaidizi hushika ncha ya bawa na kukimbia nayo. Mwendo ungali mdogo, bawa likigusa majani, glaida huweza kugeuka ghafula na kupinduka.

Ya pili ni kamba kukatika karibu na ardhi. Moyo wa rubani humwambia ageuke arudi kiwanjani. Lakini akigeuka angali chini, chombo hupoteza mwendo kikaanguka. Iliyo salama ni kushusha pua na kutua mbele.

Ya tatu humpata yule avutaye. Glaida ikipanda juu kupita kiasi, kamba huuinua mkia wa ndege, na pua yake huelekea chini. Jambo hili hutimia kwa sekunde chache tu, na ndege ikiwa chini haina nafasi ya kujiinua tena.

Kwa sababu hiyo, ndani ya glaida kuna kishikio cha rangi ya manjano. Rubani akikivuta, kamba huachiliwa. Naye hufundishwa kwamba bawa likigusa chini, au ndege iliyo mbele ikipotea machoni pake, akivute mara moja, asingoje. Tena kabla ya kupaa hutaja kwa sauti atakalofanya kamba ikikatika, maana ikiisha kukatika hapana wakati wa kushauriana na moyo. Kadhalika chombo hukaguliwa kila siku kabla ya kuruka, na chenye kasoro hakiruki, hata watazamaji wakiwa wengi namna gani.

Kuacha kamba si aibu. Safari iliyokatizwa yaweza kuanzwa tena siku iyo hiyo. Lakini kosa lifanywalo karibu na ardhi halina nafasi ya kusahihishwa.