Jina la Nchi kwenye Boksi la Parachichi

Lori lililopakia maparachichi ya Hass kutoka Njombe hufika Makambako, mahali ambapo barabara itokayo Songea huungana na barabara kuu iendayo Iringa na Dar es Salaam. Hadi hapo hakuna asiyejua matunda hayo ni ya wapi. Jina hupotea mbele ya safari. Kwa miaka mingi sehemu ya mavuno ya Nyanda za Juu Kusini imenunuliwa shambani na wafanyabiashara kutoka Kenya au mawakala wao, ikavushwa mpaka, ikafungashwa huko na kupelekwa ng'ambo kupitia bandari ya Mombasa. Mnunuzi wa Ulaya alipolitazama boksi alisoma jina la Kenya. Wakulima na viongozi wa serikali wamelilalamikia jambo hilo mara nyingi, na wana haki. Hata hivyo, malalamiko hayafiki mbali iwapo vyama vyenyewe havijui namna asili ya tunda inavyothibitishwa.

Kanuni yenyewe si ngumu. Nchi ya asili ya tunda bichi ni nchi lilikovunwa, wala si nchi lilikooshwa, kupangwa na kutiwa kwenye boksi. Ndivyo zisemavyo kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki za mwaka 2015 kuhusu asili ya bidhaa. Kiwango cha kimataifa cha maparachichi, yaani Codex 197 cha mwaka 1995, chataka nchi ya asili itajwe, na charuhusu kuongeza jina la mkoa au la mahali tunda lilikolimwa. Neno "Njombe" basi laweza kusomwa sokoni Ulaya bila kuvunja sheria yoyote.

Madai ya namna hii si mapya. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya kuwabana Wajerumani waliouza visu vyao kana kwamba vimetoka Sheffield. Miaka si mingi baadaye jina la Ujerumani, lililowekwa ili kuwaaibisha, likageuka kuwa sifa yao. Kwa upande wa nyama mambo ni magumu zaidi. Baada ya hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba tangu mwaka 2002 lebo itaje nchi ng'ombe alikozaliwa, alikofugwa na alikochinjwa. Marekani nayo iliweka sharti la asili kwa nyama, lakini mwaka 2015 ililiondoa kwa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, baada ya Kanada na Meksiko kuishinda katika Shirika la Biashara Duniani. Kwa matunda mabichi sharti hilo lilibaki. Ng'ombe hutembea, na aweza kuwa na nchi tatu, mparachichi hautembei.

Kinachopotea pamoja na jina ni zaidi ya heshima. Mnunuzi asiyeijua Tanzania hawezi kuiagizia. Tena, Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuuza maparachichi, na masoko ya namna hiyo hutaka mashamba na vituo vya kufungashia viwe vimesajiliwa. Tunda lisilojulikana shamba lilikotoka halina mlango huko. Liko na jambo la matunda machanga. Codex yataka nyama ya Hass, maji yakikaushwa yote, ibakize angalau asilimia 21 ya uzito wake. Mlanguzi akichuma machanga, kisha yakaandikwa Tanzania, lawama huangukia mkoa mzima, na pasipo kumbukumbu hakuna chama kiwezacho kujitetea.

Kumbukumbu hizo huanzia mezani kwa katibu. Stakabadhi ya mapokezi ionyeshe jina la mwanachama, kijiji, aina ya tunda, tarehe ya kuvuna na uzito kwa kilo. Kreti za wakulima wawili zikimiminwa pamoja kabla ya kuandikwa, asili imekwisha kupotea, hata kama tunda bado liko Njombe. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na mamlaka ya TPHPA, na cheti cha uasili hutolewa na TCCIA. Msafirishaji ndiye aviombaye, lakini ukweli wa habari zake hutoka katika daftari la chama.

Makatibu wasidanganywe na tarakimu. Namba 4225 kwenye kibandiko cha parachichi humaanisha Hass kubwa, hata likiwa limetoka Peru. Tarakimu 620 zinazoanza alama za mistari huonyesha kwamba kampuni imesajili namba zake Tanzania, na 616 Kenya. Hazisemi tunda lilivunwa wapi. Kinachohesabika ni jina la nchi lililoandikwa kwa maneno. Kwa hiyo chama kinapouza kwa mfungashaji, mkataba utaje maneno hayo hasa yatakayowekwa kwenye boksi, na chama kipewe picha ya boksi moja la kila shehena, ihifadhiwe katika jalada pamoja na stakabadhi za shehena hiyo.