Gunia la ushago limefika kwa bedsita? Chagua dawa kwa akili

MATHE amekupakilia gunia la mahindi kwa matatu kutoka ushago. Kwa bei ya unga ya siku hizi, hiyo ni baraka. Lakini wiki kadhaa baadaye unaona vumbi jeupe sakafuni na punje zimetobolewa. Kabla hujakimbilia agroveti, jua kwanza unapigana na nani.

Kuna fukusi, yule mdogo mwenye pua ndefu. Halafu kuna dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Osama kwa jinsi anavyoharibu. Huyu si wa huku. Asili yake ni Amerika ya Kati, na Kenya alionekana mwanzoni mwa miaka ya 1980 pande za Taveta.

Tofauti yao ndiyo inayoamua dawa. Pirimifosi-methili humaliza fukusi vizuri, lakini dumuzi huihimili. Permethrini humweza dumuzi, ila fukusi haimbabaishi sana. Ndiyo maana poda kama Actellic Super huwa na zote mbili. Kipimo chake ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90, na inachanganywa na punje zote, si kunyunyizwa juu tu. Usikadirie kwa jicho. Ukiweka kidogo wadudu watakucheka. Ukizidisha, sumu hiyo utaila wewe. Fuata pia muda wa kungoja ulioandikwa kwenye lebo kabla ya kusaga.

Sasa, kuna zile tembe za kufukiza. Msee akikushauri utupe moja ndani ya gunia kisha ulale, kataa kabisa! Zikikutana na unyevu hutoa fosfini, gesi inayoua wadudu, na inaua watu pia. Katika chumba kimoja chenye kitanda, jiko na gunia, huna pa kuikwepa. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa, kwenye ghala lisilolala mtu. Tena gesi ikishatoka haiachi kinga yoyote. Wadudu wapya wakija, wanaanza upya.

Kwa anayeishi mtaani, mfuko usiopitisha hewa ndio mpango. Ile ya PICS ina karatasi mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Unafunga kila moja kivyake baada ya kukamua hewa, oksijeni inaisha, wadudu wanakufa bila dawa. Bei yake inapita ya gunia la kawaida, lakini usipotoboka utautumia tena. Tatizo ni ukiufungua kila siku, hewa inarudi. Kwa hivyo toa ya wiki kadhaa mara moja, ufunge tena.

Hata hivyo, hakuna dawa wala mfuko unaookoa mahindi mabichi. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, funga, tikisa, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Na ukinunua dawa, angalia kama pakiti ina nambari ya usajili ya PCPB. Haina? Iache dukani.