Taa ya Chujio la Masizi Inapowaka

Magari mengi ya dizeli yaliyotumika yanayoingia nchini, hasa yale ya miaka ya karibuni, yana chujio la masizi katika bomba la moshi. Mafundi hulifahamu kwa herufi tatu: DPF. Mmiliki huenda asijue kuwa analo hadi taa ya njano yenye mchoro wa kisanduku na vitone iwake kwenye dashibodi. Hapo huambiwa, "Limeziba, tulitoe." Tunakushauri usikubali kabla ya kujua limeziba kwa nini.

Chujio hukusanya masizi, kisha huyachoma. Kazi hiyo huhitaji joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi, nalo halipatikani katika safari fupi. Gari linalotoka Buzebazeba hadi Mwanga, likazimwa, jioni likaenda Ujiji na kurudi, halipati nafasi ya kujisafisha. Injini hujaribu kupandisha joto kwa kuongeza dizeli. Ukiizima katikati, kazi hukatika, na katika magari mengi sehemu ya dizeli hiyo huteremka kwenye oili. Kwa hiyo ukichomoa kijiti na kukuta oili imepanda, usifurahi. Imwagwe na kubadilishwa kabla ya safari yoyote, maana oili iliyochanganyika na dizeli huua injini.

Ikiwa taa imewaka tu, oili iko sawa na gari lina nguvu zake, safari ya dakika 20 hadi 30 kwa mwendo usiokatika mara nyingi hutosha. Barabara ya kwenda Kasulu, ukishatoka mjini, inafaa, mradi uheshimu ukomo wa mwendo. Usisimame juu ya majani makavu, kwa kuwa bomba huwa la moto sana. Lakini taa ikimeta, au gari likikosa nguvu, usililazimishe. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kupimia.

Kwa fundi, usiridhike na kusomewa namba ya hitilafu peke yake. Omba uonyeshwe kiasi cha masizi na tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya chujio. Tofauti hiyo hupimwa na sensa yenye vimipira viwili vyembamba. Kimoja kikipasuka, mashine inaweza kusema chujio limeziba ilhali ni zima. Tumeona ni vyema kuanzia hapo, kwa kuwa kimipira ni cha bei ndogo. Baadaye zikaguliwe nozeli zinazovuja na tabo inayopitisha oili. Chanzo kisipotibiwa, hata chujio jipya litaziba. Majivu ya oili ni jambo jingine: hayaungui, huondolewa kwa kulifungua chujio na kulisafisha kitaalamu. Ndiyo maana gari hili huhitaji oili yenye majivu machache, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Dizeli nayo inunuliwe kituoni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliweka salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na ya kidumu cha barabarani hakuna anayekuhakikishia.

Kulikata chujio huonekana rahisi. Hata hivyo, moshi wa dizeli uliwekwa na Shirika la Afya Duniani, kupitia wakala wake wa utafiti wa saratani, katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 2012, na wanaouvuta kwanza ni watoto wa mtaani kwako. Tena, ndani ya chujio huweza kuwa na platinamu, kama ilivyo kwa masega. Fundi anayesisitiza kulitoa, kisha asikurudishie, huenda ana mnunuzi.

Unaponunua gari, chungulia chini: alama mpya ya kuchomelea kwenye bomba ni sababu ya kuuliza. Jibu la muuzaji liandikwe kwenye mkataba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko husikilizwa kwa urahisi zaidi yakiambatana na mkataba, risiti, karatasi ya vipimo na kifaa kilichotolewa.